Hodi kwa Fuko Sita

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu lile la kazi limeniletea maneno. Leo Daktari Chesang alilifungua, akakuta mahali nilipoandika "Namba Nne ana kiburi," akacheka kidogo, kisha akasema, "Kui, hapa tunaandika uzito, joto na chakula. Maoni yako peleka kwingine." Basi kwingine ndiko huku.

Kwa atakayelisoma nikiwa sipo: mimi ni Wangui, Kui kwa wanaonijua, mtunzaji wa wanyama katika kituo cha utafiti nje kidogo ya Njoro. Kabla ya hapa nilikamua ng'ombe za watu kule Molo kwa miaka kumi na minne. Sasa nalisha fuko sita, Namba Moja hadi Namba Sita, kila mmoja na sanduku lake la udongo, maana fuko akiwekwa na mwenzake wanauana. Mama yangu, ambaye fuko humlia viazi kila msimu, bado hajanisamehe.

Fuko wenyewe tuliletewa wiki jana na Kabiru, yule mtegaji anayejulikana kuanzia Molo hadi Elburgon. Mkulima humlipa Kabiru kwa mkia: umeua fuko, leta mkia, chukua chako. Sisi tulimwambia tunawataka wazima. Akaja Jumatano na ndoo mbili zilizogawanywa ndani kwa mbao, fuko sita wanapumua vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja mwenye mkia. Mikia alikuwa ameitunga kwenye uzi, akamkabidhi Daktari kwa heshima zote.

"Mzee, si tulisema wazima?" Daktari akauliza, sauti imempanda.

"Na si hao wanatembea? Mkia ni wa kuhesabu tu."

"Lakini umewaumiza bure!"

"Sasa daktari, bila mkia ungejuaje ni sita?"

"Ningewahesabu wenyewe."

Kabiru alifikiri kidogo. "Hiyo pia inaweza," akasema.

Nilitoka nje nikacheka peke yangu, maana Daktari hakuwa wa kuchekewa siku hiyo. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi, amesoma mbali, na hujibeba kama mtu asiyetaka kuguswa. Namba Nne na yeye wanaelewana.

Jumanne, 18 Machi

Vidonda vya mikia vimekauka. Vumbi tupu. Mvua bado.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzima ilikuwa ya operesheni. Daktari amemkwangua kila fuko mfupa wa utosini, akatoa kipande kidogo kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, akaziba na plastiki nyembamba. Mimi kazi yangu ilikuwa dawa ya usingizi na kuangalia pumzi. Wote wameamka, wote wamekula.

Hicho ni kidirisha cha kupitishia mawimbi ya sauti. Mashine yetu ni ndugu ya ile wanayopimia akina mama wajawazito, ila hii inapiga picha maelfu kwa sekunde moja, kasi ya kutosha kuiona damu ikipita kwenye mishipa myembamba kuliko uzi. Sehemu ya ubongo ikianza kazi, damu huongezeka pale. Ukiiona damu inakokwenda, umejua ni wapi panapofikiri. Daktari anataka kujua fuko anasikiaje ardhi. Macho yake hayana maana, maisha yake yote yako gizani, na mwenzake akitaka kumwambia kitu hugonga kichwa kwenye dari ya shimo. Nilimuuliza Daktari jambo hili litamsaidia nani. Akanijibu kwamba tujue kwanza, kusaidia kutafuata. Sikuridhika, lakini angalau hakunidanganya.

Mwisho wa msimu kibali chetu kinasema wauawe na ubongo ukatwe uchunguzwe. Karatasi hiyo nimeisaini nami. Nimelisha ndama wengi wa kiume nikijua wanakokwenda, kwa hivyo sioni la kulia.

Jambo moja sijaacha tangu nikiwa mkamuaji. Huwezi kumwendea ng'ombe kwa kumshtukia. Unampiga ubavuni kwa kiganja mara mbili, polepole, ajue ni wewe, ndipo unakaa na ndoo yako. Usipofanya hivyo utapigwa teke, na maziwa hayashuki. Fuko hana ubavu wa kugongwa, basi mimi hugonga kifuniko cha sanduku kwa vidole viwili, ko-ko, kisha nafungua na kutoa kiazi. Wiki ya kwanza walikuwa wanajizika. Siku hizi nikigonga wanakuja juu wenyewe, pua mbele.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua imeingia saa tisa mchana kwa kishindo. Tulikuwa tumeanza kurekodi asubuhi, na tumejua leo leo kwamba mvua na kazi hii haviendi pamoja. Jengo letu lilikuwa ghala la maziwa la mzungu, na paa ni mabati. Tone likianguka, meza inatikisika.

Kazi inakwenda hivi. Fuko analazwa kwenye kitambaa, kichwa kimeshikwa taratibu, chini yake kuna bamba la chuma linaloweza kutikisika. Mimi nakaa naye peke yangu, maana chumba lazima kiwe kimya. Daktari yuko chumba cha pili na skrini. Akiniambia "Anza" kwenye kipaza sauti kidogo, nabonyeza kitufe, bamba linatikisika kidogo tu, kama fuko jirani anabisha. Mara ishirini kwa kila mmoja. Kuna kamera, lakini inaangalia uso wa mnyama.

Nimeonyeshwa picha mwisho wa kazi. Ubongo wa Namba Mbili, mishipa inang'aa, na damu inapanda hapa na kushuka pale. Mnyama ambaye nyumbani tunampiga jembe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Hatukurekodi.

Jumatano, 9 Aprili

Daktari alikuja mbio hadi kwenye masanduku, nikadhani kuna moto.

"Kui, kuja uone. Kuja haraka!"

Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja mwekundu uliosimama wima. "Hapa ndipo bamba linatikisika," alisema. "Damu inafaa kuanza kupanda karibu sekunde moja baadaye. Sasa angalia imeanza wapi."

Ilikuwa imeanza kabla ya mstari. Akanionyesha Namba Moja, Namba Tatu, Namba Nne. Wote kabla.

"Inamaanisha nini?"

"Inamaanisha wanajua. Bamba halijatikisika na ubongo umeshajiweka tayari. Nobody has seen this, Kui. Hakuna aliyewahi kuliona!" Akanishika mabega. Mtu asiyetaka kuguswa alinishika mabega.

Kisha tukanywa chai na akanieleza mambo yalivyo. Pesa za mradi zinaisha Juni. Wafadhili wanataka ripoti kabla ya tarehe ishirini na tatu Mei. Ripoti ikiwa na jambo kama hili, tutaongezewa miaka mitatu, na fuko hawa sita, kwa kuwa wamezoea meza, hawatauawa, tutaendelea nao. Isipokuwa na kitu, chumba kinachukuliwa, fuko watauawa ilivyoandikwa, yeye ataanza kutembeza barua za kuomba kazi, na mimi nitarudi kwenye viwele vya ng'ombe za watu. Nilirudi kwa masanduku nikampa kila mmoja kiazi cha ziada. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua usiku, jua asubuhi. Tumerekodi. Wamejua tena, wote sita.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Hatukurekodi. Namba Tano ameongeza uzito, na hapa naruhusiwa kusema amekuwa mlafi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, Molo. Baridi ya kukata masikio. Baada ya kanisa Mama alinipeleka shambani moja kwa moja na nguo zangu za ibada, akanionyesha viazi vilivyonyauka mstari mzima.

"Hao ndio wageni wako," alisema. "Nasikia wewe unawapikia."

"Siwapikii, Mama. Wanakula vibichi."

"Na mkimaliza nao?"

Nilimweleza kwamba pengine hawatauawa, kwamba wameonyesha akili ambayo haijawahi kuonekana. Alinisikiliza huku akitoa udongo kwenye kiatu.

"Mimi nikimuua namuua kwa sababu ananinyima chakula," alisema. "Wewe ukimuua utamwambia sababu gani?"

Akavaa kiatu chake bila kungoja jibu. Tulirudi kula.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Hatukurekodi.

Jumanne, 29 Aprili

Tumerekodi kwa saa mbili tu. Wanajua. Daktari ameanza kuimba akiwa kazini, na kuimba hajui.

Jumanne, 6 Mei

Nimejikata vidole viwili vya mkono wa kulia nikikata viazi. Nesi amenifunga bandeji nene.

Jumatano, 7 Mei

Jua zuri, tumerekodi wote sita. Hakuna hata mmoja aliyejua. Damu imepanda baada ya bamba kutikisika, vile inavyofaa kwa mnyama yeyote. Daktari ameangalia nyaya zote, amewasha na kuzima. "Leo wamekataa aje?" alikuwa akiniuliza. Nikamwambia labda ni baridi.

Alhamisi, 8 Mei

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Nilikuwa nafagia asubuhi, bandeji inanisumbua, nikaanza kuwaza ni kazi gani jana sikuifanya kwa sababu ya vidole. Kufungua vifuniko nilitumia mkono wa kushoto. Kubonyeza kitufe nilitumia kidole gumba. Basi nikauweka mkono wa kulia mezani, pale pale ninapokaa wakati wa kurekodi, nikauacha ufanye unavyotaka. Ukataka kugonga.

Nagonga meza. Wiki zote hizi, kabla ya kila kitufe, nagonga meza kwa vidole viwili, kumwambia mnyama nipo, usiogope, jambo linakuja. Nafanya bila kujua, kama nilivyokuwa nikimpiga ng'ombe ubavuni. Hawa fuko wanasikia ardhi ikitikiswa na mdudu, wangekosaje kunisikia mimi?

Nilitaka kuhakikisha. Daktari aliposema turudie, nilivua bandeji. Kwa Namba Moja niligonga raundi ya kwanza, ya pili nikashika mkono, ya tatu nikagonga, hivyo hivyo hadi ishirini. Daktari, ambaye hakujua lolote, alikuwa akinisomea kwenye kipaza sauti.

"Amejua. Hapana, hii hajui. Amejua. Hajui. Kui, ni nini hii? Ni kama kuna mtu anatuchezea."

Nilikaa pale na fuko mbele yangu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Hakuna jambo kubwa lililoonekana. Ni mimi tu.

Ijumaa, 9 Mei

Sijasema.

Jumapili, 11 Mei

Mchungaji alihubiri kuhusu mavuno. Sikusikia nusu. Nikisema, Daktari hana kazi, mimi sina kazi, na hawa sita wamekufa. Nisiposema, wote sita wanaishi. Ukiliweka hivyo linaonekana jambo rahisi, na bado silali.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hatukurekodi. Sijasema.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Barabara ya chini imekatika. Daktari amekonda. Anasema bila kuieleza ile siku ya bandeji na ile iliyofuata, ripoti haina miguu. Anataka kurekodi tena mara moja ya mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Leo niligonga nikijua.

Wote sita, mara ishirini, polepole na kwa mpango. Daktari alilia kwa furaha chumba cha pili, nilimsikia. Nikamwekea kila fuko kiazi chake, na mkono wangu ukaninukia vibaya.

Ijumaa, 16 Mei

Daktari aliniita asubuhi akaniambia nikae. Ripoti ilikuwa imekamilika. Akanisomea, akitafsiri kwa Kiswahili palipokuwa pagumu. Zile siku mbili mbaya aliziandika kama hitilafu ya mashine. Kisha akaigeuza karatasi nione ukurasa wa kwanza. Jina lake lilikuwa hapo, na chini yake jina langu, majina yangu yote matatu.

"Uliwashika kila siku," alisema. "Haiwezi kuwa yangu peke yangu."

Nilikuwa nimepiga moyo konde ninyamaze hadi Juni. Lile jina lilinimaliza.

"Daktari, litoe."

"Kwa nini? Usiwe na haya."

"Litoe, na ripoti usiitume. Hawajui kitu. Ni mimi nawaambia." Nikagonga meza yake mara mbili ili aelewe.

Nilieleza yote: ng'ombe, ubavu, vifuniko, bandeji, ile hesabu ya ndiyo na hapana aliyonisomea mwenyewe.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki jana, Alhamisi."

"Na juzi? Juzi walijua vizuri kuliko siku zote."

"Juzi niligonga nikijua."

Ningependa kuandika kwamba alinipigia kelele. Aliinuka, akachukua ufunguo wa gari, akaacha koti lake kwenye kiti na kutoka nje mvua ikinyesha. Gari halikuondoka kwa nusu saa. Nilimwona kupitia dirishani, amelaza paji la uso kwenye usukani.

Jumatatu, 19 Mei

Nilikuja nikitarajia barua ya kufutwa. Nikamkuta Daktari ameshafuta udongo kwenye meza na mashine imewashwa. Hakunisalimia.

"Kaa hapa kwa skrini," alisema. "Usiguse kitu."

Akaingia kwa Namba Nne yeye mwenyewe. Akagonga meza mara mbili, kama nilivyomwonyesha. Damu haikusogea kwa kiasi cha maana. Akarudia mara kumi. Kisha akatoka, akaniambia niingie nigonge, bamba limezimwa, kiazi hakuna. Nikagonga. Nikamsikia akivuta pumzi.

Tulifanya hivyo kwa wote sita, tukibadilishana, hadi mvua ilipoanza. Kwa vidole vyake, kidogo sana. Kwa vyangu, sehemu ile ile iliwaka kila mara, hata Namba Nne, ambaye kwa zaidi ya miezi miwili nimekuwa nikimwandika mwenye kiburi.

"Wanakujua," Daktari alisema. "Wanatofautisha mkono wako na wangu. Hiyo ni kweli, Kui, hiyo hatujaitunga."

"Inatosha kwa wafadhili?"

"Hapana. Lakini nitawaandikia vile iko." Akaketi, akafuta ripoti yote mbele yangu, akaanza upya. Siku mbili mbaya akaziandika kuwa ndizo siku mbili nzuri. Nilimwona mtu huyu kwa macho mengine. Nilikuwa nimemdhania ana majivuno, kumbe ni mtu anayeogopa kukosea na akikosea hajifichi. Mimi nilijificha siku nane.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua. Tumewasilisha. Tunangoja.

Ijumaa, 30 Mei

Jibu limekuja. Wanashukuru kwa uaminifu wetu. Hawataendelea. Daktari alisoma mara moja, akakunja, akauliza kama chai ipo.

Jumanne, 10 Juni

Nilimuuliza leo kama tunaweza kuwaachilia, hata usiku, hata msituni huko Mau mbali na viazi vya watu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumamosi. Hakunikasirikia.

"Fuko anachimba kwa meno na anasukuma udongo kwa kichwa," alisema. "Kile kidirisha kitavunjika siku ya kwanza. Atakufa kwa maumivu shimoni, na hakuna atakayejua."

Nilikuwa nalijua hilo. Nilitaka tu liwe limesemwa na mtu mwingine. Tumepanga iwe Alhamisi. Ubongo utakatwa, tuone ni wapi hasa mkono wangu ulikuwa umehifadhiwa, na tutaandika makala fupi, yeye na mimi. Jina langu nimekubali libaki.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua imekatika tangu Jumapili. Daktari aliniambia naweza kubaki nyumbani, atamaliza mwenyewe. Nilikataa. Niliamka nikiwa nimeamua jambo moja: leo sitawapigia hodi. Hodi yangu kwao ina maana moja tu, chakula kimefika na hakuna baya. Nilishadanganya mara moja kwa vidole hivi, sikutaka kudanganya tena.

Nilianza na Namba Nne. Nikainua kifuniko kimyakimya. Alirukia pembeni, akageuka na meno nje, kisha akaanza kusukuma sakafu ya sanduku kwa kichwa, kwa kile kidirisha chake, akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilirudisha kifuniko haraka.

Daktari alikuwa mlangoni, sindano iko tayari.

"Nikigonga namdanganya," nikamwambia. "Nisipogonga anakufa akiogopa."

"Sijui, Kui," alisema. "Kwa kweli sijui." Akarudi ndani akasubiri.

Nilisimama hadi sanduku likatulia. Nikakata kiazi, kipande kikubwa kuliko cha siku zote. Nikagonga mara mbili. Akaja juu, pua mbele, akakichukua mkononi mwangu, nami nikamngoja amalize kula.